Fedha haijashuka

Mama yangu ana kauntabuku ya jalada jeusi ambayo hajawahi kuitupa. Ndani yake, kwa mwandiko wake wa kulalia kulia, kuna hesabu za mwaka 2013: mchele gunia 40, maharage gunia 25, dagaa wakavu gunia 18, mafuta ya kula madumu 30. Pembeni ya kila mstari kuna tarehe ya kupeleka mzigo. Safu ya mwisho, ile ya tarehe ya kulipwa, ni tupu kurasa tatu mfululizo, kisha inajazwa yote siku moja, kwa kalamu nyekundu, miezi kumi na minne baadaye.

Alikuwa mzabuni wa chakula. Aliyeagiza ni kambi moja ya ulinzi huku Kanda ya Ziwa, ambayo sitaitaja, kwa kuwa watu wake hawakumkosea adabu hata siku moja. Walimwita mama, wakampimia mzigo kwa haki, wakamsainia karatasi zake zote. Mchele aliufuata Magu na Sengerema. Maharage yalivuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka Bukoba na kushushwa bandarini alfajiri. Dagaa alinunua Mwaloni, Kirumba, akiwachagua mwenyewe kwa mkono, maana dagaa wenye mchanga hurudishwa getini. Mzigo ulipokelewa, askari wakala. Halafu kila alipokwenda kuulizia malipo, mhasibu alisimama, akampa kiti, akamwambia maneno yale yale: "Mama, fedha haijashuka."

Nilikuwa kidato cha tano, na mara nyingi nilimsindikiza. Tukirudi kwenye daladala nilikuwa nawaza hiyo fedha iko juu wapi, na nani ameishika isishuke. Nyumbani VICOBA, kikundi chake cha kuweka na kukopa, walikuwa wanadai marejesho. Kiwanja cha Buhongwa kiliuzwa. Ada yangu ya muhula wa pili ililipwa na mjomba. Kwa zaidi ya mwaka mzima familia moja ya Mabatini, Mwanza, ilikuwa imeikopesha nchi fedha za kulisha walinzi wake, bila riba na bila kuulizwa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma hotuba za bajeti. Nimezisoma kwa sababu mjadala ninaousikia vijiweni na redioni kuhusu fedha za ulinzi huishia kwenye swali moja: kwa nini jeshi lipewe nyingi hivyo na zahanati haina dawa? Ni swali la haki kabisa. Lakini linaanza na jumla, na jumla ndiyo inayosema kidogo kuliko vyote.

Safari inaanzia kwenye kitu kinachoitwa ukomo. Kila mwaka, miezi mingi kabla ya hotuba ile ya Juni ambayo kila redio huirusha, Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti. Hukadiria makusanyo, hutoa kwanza yale yasiyo na mjadala, yaani kulipa deni la taifa na mishahara ya watumishi, kisha kilichobaki hugawanywa. Kila fungu, yaani sehemu ya bajeti yenye namba yake, linaambiwa: kwenye matumizi yako usivuke hapa. Ulinzi nao una mafungu yake, yote chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa: Fungu 38 la Ngome, yaani Jeshi la Wananchi lenyewe, Fungu 39 la JKT, na Fungu 57 la Wizara. Mtu akisema "bajeti ya jeshi" anakuwa amechanganya mafungu hayo matatu, na humo ndani kuna vijana wa JKT wanaolima na kujenga, kuna ofisi za Dodoma, na kuna vikosi vya mpakani.

Ukomo ukishatoka, walio ndani ya fungu ndio wanaoanza kuvutana. Nadhani hapa ndipo uamuzi wa kweli wa ulinzi wa nchi unapofanyika, kwenye vikao ambavyo hakuna mwandishi wa habari. Askari wapya wangapi waajiriwe? Mabweni yaliyochakaa yakarabatiwe au yasubiri? Vipuri vya ndege au sare? Baada ya hapo makadirio hupelekwa kwenye Kamati ya Bunge inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama, ambayo huyaona kwa undani kuliko wabunge wengine. Kuanzia Aprili Bunge hukaa Dodoma kupitia wizara moja baada ya nyingine, na bajeti yote lazima iwe imepita kabla ya tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza.

Bungeni kuna desturi ninayoipenda sana, ya kushika shilingi. Mbunge asiyeridhika na jibu la waziri husimama na kusema anaondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Shilingi yenyewe haina thamani yoyote, ila inamlazimisha mtu mzima kusimama na kujibu. Nimefuatilia wizara za maji, kilimo na elimu zikishikwa shilingi mpaka usiku. Ulinzi mara nyingi hupita kwa pongezi. Wabunge husifu ukakamavu wa majeshi yetu, sifa ambazo yanastahili, kisha mafungu hupitishwa. Na kura ya mwisho ya bajeti nzima hupigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja, kwa sababu Bunge likiikataa bajeti, ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kulivunja. Kwa hiyo atakayeuliza swali gumu inabidi aliulize mapema.

Sasa ile jumla. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 wizara hiyo iliomba zaidi ya shilingi trilioni 3, katika bajeti ya serikali ya trilioni 49.35. Trilioni ni neno ambalo halikai kichwani, kwa hiyo mimi hulipima kwa daraja letu. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 na kumaliza foleni za kivuko tulizozoea tangu utotoni, liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Bajeti ya ulinzi ya mwaka mmoja ni kama madaraja manne ya namna hiyo na chenji.

Ila daraja likishajengwa limejengwa. Fedha za ulinzi, sehemu yake kubwa mno, ni matumizi ya kawaida: mishahara, posho, chakula, mafuta, matibabu, umeme wa kambini. Ni fedha za kuliwa, kwa maana ya kweli ya neno hilo. Askari wa Sengerema anayelinda mpaka Kagera analipwa mwezi huu na lazima alipwe mwezi ujao. Ndiyo maana ukisema "punguzeni nusu mpeleke hospitali", huwezi kupunguza vifaru tu, maana sehemu kubwa ya fedha haiko kwenye vifaru. Utampunguzia mtu mshahara, au utaacha kumlipa mama mwenye gunia za maharage. Na jeshi lisilolipwa tunalijua. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na miongoni mwa madai yao makubwa yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, aibu ambayo kizazi kile hakikuisahau. Jeshi la Wananchi tulilonalo leo lilizaliwa Septemba 1 mwaka huo huo, kutokana na jeraha hilo.

Nataka nikae kidogo kwenye vita vya Kagera, kwa sababu sisi wa ziwani tunavijua kwa harufu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mto Kagera, na siku chache baadaye yakalipua daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Kila mtoto wa shule ameyakariri maneno hayo. Nilipoanza kusoma mambo ya bajeti niliyasikia upya, kwa maana sababu na nia ni vya moyoni, lakini uwezo hukadiriwa na kuandikwa kwenye kasma, yaani kwenye vifungu vya bajeti. Na uwezo wa siku ile haukuwa kwenye kasma. Jeshi ambalo halikufika watu 40,000 lilipanuka kupita laki moja, mgambo wakiwemo. Malori na mabasi ya watu binafsi na mashirika yalikusanywa kubeba askari, na Mwanza ikawa mlango wa kuvukia kwenda mbele.

Mama alikuwa msichana wa darasa la saba. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilivuka ziwa kulipua ghala la mafuta la Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, ambacho siku hizi ni hifadhi ya taifa na watoto wa shule huenda kuangalia wanyama. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa na swala kadhaa wakafa. Mama anasema mshindo ule ulizungushwa na mawe ya mji mpaka haikujulikana umetokea wapi, na bibi aliwaingiza watoto wote chini ya kitanda cha kamba. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Gharama ya vita vile hutajwa kuwa kama dola milioni 500, kwa nchi iliyokuwa imetoka kuvunjikiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na iliyokuwa inaingia kwenye mwaka wa mafuta kupanda bei duniani. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Waliofunga mkanda ule watakuambia kwamba miezi 18 ilipita, na miaka mingine ikapita, wakiwa bado kwenye foleni za sabuni, sukari na khanga. Hapo ndipo nilipobadilika. Nilikuwa miongoni mwa wanaodhani fedha za jeshi wakati wa amani zimepotea bure. Lakini vita isiyo na bajeti hulipwa vile vile, na mlipaji hulipa kwa vyote alivyonavyo: lori lake, zao lake, muongo wake mzima.

Halafu kuna bili nyingine ambayo haikuandikwa Dodoma wala Dar es Salaam. Baada ya vita silaha zilizagaa, na wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ukashamiri Usukumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vikaunda sungusungu. Kila kaya ilitoa mtu au ilitoa mchango. Mwano, ule ukelele wa kuita watu, ukipigwa usiku, aliyebaki kitandani alijibu kesho yake. Najua sungusungu walitenda pia mabaya, walipiga watu na kuwadhalilisha wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, na siyatetei hayo. Nazungumzia fedha yao tu. Kila mwanakijiji alijua mchango ni kiasi gani, nani ameutunza, na umenunua nini. Kiazi kikiliwa kwenye doria, kilijulikana kimetoka shamba la nani. Ulinzi uliogharimiwa na watu waliokuwa wanauona kwa macho.

Nchi haiwezi kuendeshwa kama kijiji, hilo naelewa. Wenzetu hutafuta kipimo cha mkato, asilimia ya pato la taifa. Sisi kwa miaka mingi ya karibuni tumekuwa karibu na asilimia moja. Dunia kwa jumla, kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, ilikuwa karibu asilimia 2.5 mwaka 2024, dola trilioni 2.7. Nchi za NATO zilikubaliana Juni 2025 kufika asilimia 5 ifikapo 2035, asilimia 3.5 kati ya hizo ikiwa ya jeshi lenyewe. Japani ilijiwekea kikomo cha asilimia moja mwaka 1976, ikakaa chini yake au karibu nacho kwa miongo, kisha mwaka 2022 ikaamua kupanda mpaka asilimia 2. Kosta Rika ilifuta jeshi mwaka 1948 na bado ipo.

Asilimia hizi nazisoma kwa tahadhari. Hazisemi jirani yako ni nani. Tanzania inapakana na nchi nane, ina bahari, ina maziwa makuu matatu, na ng'ambo ya mto Ruvuma kuna uasi wa Cabo Delgado tangu 2017. Mtu anayekaa Mtwara na mimi ninayekaa Mabatini hatuwezi kuwa na jibu moja kuhusu kiasi gani kinatosha. Sidhani asilimia moja ni nyingi kwetu. Ninachotaka kujua ni inafika wapi.

Swali hilo tuliwahi kulilipia kwa fedha nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa paundi milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Waziri wa Uingereza wa misaada ya kimataifa wakati huo, Clare Short, aliipinga waziwazi ndani ya serikali yake mwenyewe. Ikanunuliwa. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu biashara ile, ikapigwa faini ya paundi nusu milioni, na ikakubali kutoa paundi milioni 29.5 kwa ajili ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mdogo wangu amesoma kwa kitabu kilichotokana nazo. Nimewahi kukishika nikiwaza kwamba kilikuwa kodi yetu sisi wenyewe, imezunguka London na kurudi ikiwa imechelewa miaka kumi.

Kilichoiruhusu rada ile ipite ni neno siri. Sibishani na siri ya kweli. Kikosi kipi kiko wapi, ndege ngapi zinaruka, risasi zimebaki kiasi gani, hayo sitaki kuyasoma gazetini na sitaki adui ayasome. Lakini bei ya gunia la maharage haina siri ya vita ndani yake, wala bei ya godoro, saruji ya bweni au dizeli. Vitu hivyo vinanunuliwa Mwaloni na Igoma mchana kweupe, na kila mchuuzi anajua bei. Ningependa kuona mstari ukichorwa hapo: mipango ifichwe, manunuzi ya kawaida yawekwe wazi kama ya hospitali na shule. Askari wenyewe wangenufaika kwanza, maana maharage mabovu hawali wakaguzi.

Na hapa narudi kwa mhasibu na maneno yake. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa anadanganya. Kilichopitishwa na Bunge ni ruhusa ya kutumia, fedha yenyewe bado haipo. Tangu miaka ya 1990 serikali imekuwa ikitumia utaratibu wa kutoa kinachokusanywa, kwa hiyo makusanyo yakilegea mgawo wa mwezi hupungua. Mishahara hulipwa, deni hulipwa, na kinachobanwa ni kile kinachoitwa matumizi mengineyo. Maharage ya mama yalikuwa humo. Kambi haiwezi kusitisha chakula cha jioni kwa sababu mgawo umechelewa, kwa hiyo inaagiza, mzabuni anapeleka, na ankara inalala. Mwaka wa fedha ukifungwa tarehe 30 Juni, ankara iliyolala inahamia kwenye orodha ya madeni, inasubiri kuhakikiwa, kisha inaombewa fedha upya ikishindana na mahitaji mapya. Bajeti iliyopitishwa ikaonekana ndogo kuliko gharama halisi, na tofauti yake imekaa kwenye kauntabuku za watu.

Laiti lingekuwa mikononi mwangu, wazabuni wa chakula wangelipwa mara tu baada ya mishahara, kabla ya semina na magari. Na kwenye kila hotuba ya wizara, pembeni ya jumla ya madeni ya wazabuni, kungeandikwa umri wake: kiasi hiki kina miezi mitatu, kiasi hiki kina mwaka, kiasi hiki wenyewe wameshafariki.

Ningeongeza na mstari wa ziwa. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu 228, alikuwa Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, aliyesimama pale gatini kusimamia kazi ya kuiinua. Kwa watu wa visiwani jeshi lina sura hiyo: wapiga mbizi, kamba, mifuko ya kubebea miili. Kwetu sisi adui anayekuja kila mwaka ni maji na upepo, na ningependa siku moja nifungue makadirio nione uokoaji ziwani umetengewa kiasi gani, kwa jina lake, bila kuutafuta ndani ya vifungu vingine.

Mama sasa anauza dagaa Mwaloni, kwa mtaji wake, taslimu mkononi. Mei 2024, jioni ambayo habari zilisomwa kwamba wizara imeomba zaidi ya trilioni tatu, nilikuwa nimekaa naye uani tukichambua gunia. Nikamrudia ile namba, kwa sababu nilidhani hakuisikia vizuri. Aliendelea kutoa mchanga kwenye ungo, kisha akaniuliza, "Hizo ni zilizoombwa, mwanangu, au zilizoshuka?"